Sentensi Niliyoificha Kulia mwa Barua

Mkuu wetu wa shule, pale Ruangwa, ni mtu wa adabu za kalamu. Hawezi kuomba hata chaki kabla hajakujulia hali, akakushukuru kwa mambo uliyokwisha kuyasahau, kisha akamshukuru Mungu kwa niaba yako. Kwa hiyo alipoamua kumwandikia barua pepe Mzungu mmoja mzee aliyewahi kufundisha hapa, ambaye Kiswahili bado anacho, kumwomba vitabu vya sayansi, kila aya ilikuwa ndefu kama mkutano wa kijiji.

Nilichapa mimi. Nilikuwa kidato cha pili, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya mama karani, aliyenifundisha kwenye taipureta likizo moja niliyokosa cha kufanya. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, ya jenereta, na barua pepe tuliziandika kwenye programu nyepesi isiyo na mapambo. Programu ile haikukunja mistari. Usipobonyeza kitufe cha kushuka, maneno yanakwenda tu kulia, yanatoka nje ya kioo, huyaoni tena. Ukimaliza, mama karani anabeba diski, anapanda basi hadi Nachingwea kwenye intaneti, anaituma.

Sasa mtu kama mimi ukimwonyesha mahali pasipoonekana, unategemea nini? Mwisho wa aya iliyosema wanafunzi wetu wana nidhamu ya hali ya juu, nilikandamiza kitufe cha nafasi nikaenda kulia, kulia, kulia, nikaandika: "Ila Mkuu hukoroma vikaoni kama mashine ya kusaga ya Nanganga ikiishiwa dizeli." Nikarudi kushoto. Kioo kisafi. Nilipanga kuifuta kabla diski haijaondoka, ila wakaita uji, nikasahau.

Wiki ya pili nikaitwa ofisini. Jibu limekuja. Mzee amefurahi mno, lakini kompyuta yake ni ya zamani, inaonyesha herufi kama themanini za mwanzo wa kila mstari, zinazobaki inazikata, na kila aya yetu ilikuwa mstari mmoja. Amesoma "Kwa heshima kubwa na taadhima", amesoma "Kwa kutambua mchango wako wa siku nyingi", na baada ya hapo giza. Aliuliza kwa upole tunahitaji kitu gani hasa. Akaomba tukate mistari kwenye herufi sabini hivi, tutume upya.

"Ikate hapa hapa, binti," Mkuu akaniambia. "Nami nijifunze."

Nikaona kimenuka. Muhula uliotangulia niligonga kengele ya kutoka saa nzima kabla ya wakati, shule yote ikaenda nyumbani, na mama yangu akaja kutoka Matambarale kuniombea msamaha. Mkuu alimwambia kosa jingine moja tu, nifungashe. Na mtihani wa kidato cha pili ulibakiza wiki tatu.

Nikaketi. Mkuu kushoto, mama karani kulia. Nikahesabu sabini, nikabonyeza. Kilichobaki kikashuka mstari wa chini na kusogea kushoto. Mama karani, ambaye masikio yake bado yalingojea kengele ya taipureta, aligonga meza kwa kidole kila mstari ulipofika mwisho. Sabini, kidole, shuka. Na kila nikibonyeza, ile sentensi yangu inanisogelea hatua sabini. Nikasingizia mkono umeganda. Nikasema jenereta inataka mafuta. Mkuu akasema jenereta haina shida, endelea.

Tukafika "nidhamu ya hali ya juu." Nikabonyeza, nikaruka upesi kwenye aya iliyofuata.

"Subiri," mama karani akasema. "Mbona umeacha mstari mtupu?"

"Wa kupumzisha macho, mama."

Hakucheka. Akarudisha kishale kwenye mstari ule, akabonyeza kitufe cha kwenda mwisho, kioo kizima kikaruka kulia, na mashine ya kusaga ya Nanganga ikatokea, na dizeli yake.

Mkuu akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nimeshafika Matambarale kimawazo, namtafutia mama yangu neno la kwanza, silipati.

"Mama, andika barua ya kumfukuza. Leo hii."

Mama karani akapachika karatasi kwenye taipureta, akachapa tarehe. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Naandika, Mkuu. Ila utaratibu unataka kosa lenyewe linukuliwe, halafu bodi wasomewe. Ninukuu?"

Wajumbe wa bodi ni hao hao wanaokaa naye vikaoni. Mkuu akanigeukia.

"Mzee ameiona?" akaniuliza.

"Hapana, Mkuu. Ilikuwa mbali mno. Kompyuta yake imeikata."

Akashusha pumzi. Nami nikashusha yangu, nadhani ilikuwa ya tangu asubuhi.

"Basi haijaandikwa. Futa. Na barua pepe zote za shule hii, mpaka unamaliza kidato cha nne, mistari utakata wewe."

Nikafuta herufi moja moja, jasho likinikauka mgongoni, na ghafla nikasikia njaa, njaa nzuri kabisa. Sasa niko kidato cha nne, bado nazikata adabu zake sabini sabini, na sijawahi kuipenda adhabu kama hii.

Siku ile Mkuu alifika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Kwani ni kwa sauti sana?"

Mama karani aliinamia droo, akatafuta kitu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilishafika herufi ya arobaini na tatu, na ombi la vitabu ndiyo kwanza linachungulia.