Kundi Lichague Lenyewe

Supavaiza wetu alikuwa akisomea menejimenti chuoni jioni, na asubuhi alitujaribia sisi alichofundishwa. Wakisoma kuhusu motisha, tulipigiwa makofi kwa kuwahi kazini. Wakisoma kuhusu nidhamu, choo kilifungwa mpaka mapumziko. Mtu mwenye elimu nusu na watu wazima wa kuijaribia, muogope.

Tulikuwa wanawake sita mwisho wa mkanda wa mashine, tukipanga biskuti kwenye katoni. Sote tuliishi Mukuru kwa Njenga na tulitembea pamoja hadi Indasto, kwenye viwanda. Mmoja wetu, jirani yangu mlango kwa mlango, alikuwa na bega bovu, hawezi kuinua katoni. Basi tulikuwa tukimbeba. Kila mmoja akishainua zake, aliinua na moja ya huyo mwenye bega, bila neno. Alikuwa na watoto, mume hakuna. Ukitolewa ndani ya kiwanda unarudi getini, kusukumana na umati wa vibarua kila asubuhi ili uchaguliwe. Na bega lile, nani angemchagua?

Siku moja supavaiza akaja na jipya. Kila kundi lilikuwa lipunguzwe mtu mmoja.

"Mimi sifuti mtu kazi," alisema. "Kundi litachagua lenyewe. Mfanyakazi akishirikishwa kwenye uamuzi, hanung'uniki."

Macho yake yalikuwa kwenye lile bega.

Kesho yake njiani tukapanga. Akiuliza nani aende, kila mtu aseme "mimi". Akifuta kundi zima, biskuti zitapangwa na nani? Tulicheka mpaka getini, na jirani yangu alicheka kuliko wote. Mimi nilipewa kuanza, kwa sababu mdomo wangu hauna breki.

"Haya, nani aende?"

"Mimi," nikasema.

Nilingoja sauti ya pili. Supavaiza hakuingoja.

"Umejitolea! Nyinyi, huyu ndiye mtu wa kundi. Kuna mwingine anataka kwenda nyumbani?"

Swali hilo hatukuwa tumelipanga. Niligeuka kuwatazama. Mmoja alikuwa akikaza kitambaa chake kichwani, mwingine akifuta meza iliyokuwa safi. Jirani yangu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mpigieni makofi," akasema supavaiza.

Wakapiga. Jirani yangu alijipiga paja kwa mkono mzima, maana ule mwingine haukuinuka. Nilivua aproni nikatoka. Niliwachukia wote watano, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni jirani yangu alikuja kwangu na dagaa wa omena kwenye bakuli, analia.

"Aki dada, ulimi ulikwama tu."

Nilikula. Hasira haipikwi ikaiva, na watoto wangu nao walikuwa na njaa.

Nikaanza kusimama getini na vibarua. Siku nyingine nilipata kazi, nyingi sikupata. Huko ndani, kumbe, chuoni walikuwa wamefikia somo la uongozi. Supavaiza akawaeleza kwamba kila kundi lina kiongozi ambaye hakuteuliwa na mtu, na utamjua kwa kuwa wenzake wako tayari kuumia kwa ajili yake. Akamvika jirani yangu koti jeupe. Kazi yake mpya haikuwa na katoni: alipaswa kuja getini asubuhi kuchagua vibarua.

Siku ya kwanza nilipomwona akitoka na lile koti, nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilisukuma watu nikasimama mbele kabisa. Heri jirani wa karibu, nikajiambia.

"Wewe," alianza kuonyesha. "Wewe. Na wewe pale nyuma, mwenye mabega."

Alinifikia, akainama karibu na sikio langu.

"Dada, nikikuchukua watasema napendelea. Naangaliwa."

Kisha akauinua mkono juu ya kichwa changu, akamwonyesha msichana aliyekuwa nyuma yangu. Ulikuwa ule wa bega bovu, na uliinuka bila shida.