Dawa ya Kuzibua Sinki

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu Mpanda akitokea Kibaoni, kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuwa haoni vizuri, lakini mikono yake haikujua kutulia. Nikiamka nakuta vyombo vimeshaoshwa, na kilichokuwamo kwenye sufuria, ukoko, mafuta ya nyama, majani ya chai, chote kimeingia kwenye tundu la sinki. Kwao maji ya vyombo humwagwa uani, kuku wakamalizia.

Nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa, mume wangu yuko safari ya kikazi. Nitamwambiaje mama yake kwamba anatuzibia sinki? Siku ya tano maji yakagoma kushuka.

Nikanunua dawa ya kuzibua, chembechembe nyeupe. Muuzaji alinionya nichote kwanza maji yote yaliyosimama kwenye sinki, niweke vijiko viwili, na nisiiguse kwa mkono kwa sababu inachubua. Nilikuwa na haraka ya kumaliza mama akiwa bado kwenye usingizi wa mchana. Nikaimwaga yote ndani ya yale maji machafu. Mara mvua ikaanza, nikakimbilia nje kuanua nguo.

Niliporudi, mama amesimama kwenye sinki, mkono umezama hadi kiwiko.

"Mwanangu, nimelipata lililoziba," alisema. "Ila maji haya mbona yanateleza kama sabuni? Halafu yana moto."

Nguo nilizoanua zilinianguka. Nilimvuta hadi kwenye pipa la maji, maana bomba lilikuwa kavu siku hiyo, nikaanza kummwagia kopo baada ya kopo. Akainua mkono ule ajifute jicho. Nikaudaka kwa nguvu.

"Usiguse macho, mama. Ni dawa. Inaunguza."

Aliuacha mkono umenyooka, nami nikazidi kummwagia. Kila kopo nililochota nilikuwa namuona amepofuka kabisa, na mimi narudishwa kwa wazazi wangu.

Kwenye bajaji ya kwenda hospitali aliongea kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukuniambia nisimwage ukoko kwenye sinki?"

"Nilikuogopa, mama."

"Uliniogopa mimi, dawa hukuiogopa."

Nesi aliendelea kuusafisha mkono kwa maji mengi, akasema kumwagia mapema ndiko kulikosaidia. Ngozi iliwaka nyekundu, baadaye ikachubuka katikati ya vidole. Macho yalikuwa salama. Usiku ule nilimwamsha mara tatu nimuulize kama ananiona.

Kesho yake fundi akaja kulifungua bomba la chini. Mama akavunja njiti ya fagio kwa kipimo cha tundu, tukaenda nayo sokoni kutafuta chujio la kuweka hapo. Chujio la plastiki alilikataa, jepesi, litaelea. Lenye matundu makubwa nalo akalirudisha, kwani punje ya wali ingepita. Alichukua la chuma lenye matundu madogo na ukingo mpana, akaongeza kizibo cha mpira cha kuzuia mende wasipande.

Jioni mume wangu alipiga simu, mama akapokea. Nilisimama mlangoni nikisikiliza.

"Niliungua kidogo mkono," alimwambia. "Mkeo ameniwahi."

Akanipa simu. Nikaipokea kwa mikono miwili.