Namba Sita Waliowafunga Namba Moja

Mwalimu amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu hata kama hamkuwahi kumwona, kwa sababu ile orodha ya timu za wasichana za mpira wa kikapu wa vyuo iliyokuwa ikitoka chini ya safu hii ilikuwa kazi ya mkono wake. Mimi niliichapisha tu. Habari zilinikuta sokoni nikichagua nyanya. Nikamlipa mwenye nyanya, nikaziacha pale pale na kulia njia nzima hadi nyumbani. Nayasema haya mapema mjue kwamba nilimpenda mzee yule, maana nitakayoyaandika hapa chini hayatafanana na maneno ya mtu aliyefiwa. Tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Leo nimeshindwa, na mtanisamehe.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Kagera, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku ya mvua, na akizungumza utadhani anasomea darasa imla. Alikuja ofisini kwetu Nyamagana bila miadi, akaketi kabla ya kukaribishwa, akaniuliza kwa nini gazeti lina kurasa tatu za soka la wanaume na halina hata mstari mmoja kuhusu mabinti wanaocheza kikapu kila Jumamosi hapa hapa Mwanza. "Na wewe mwenyewe ni mwanamke," akaniambia. "Huoni haya?" Niliona haya. Tukakubaliana kwamba yeye atazunguka viwanjani, mimi nitaandika. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza alinipigia simu kunitajia timu nane kwa mpangilio wa ubora. Simu ile ilikuwa na adabu zake: kwanza aliuliza watoto wameamkaje, kisha akalalamikia upepo wa ziwa, ndipo akasema, "Haya mama, chukua kalamu." Namba moja ilikuwa karibu kila mara timu ya chuo kikubwa cha mjini, wenye jezi mpya na basi lao wenyewe. Namba sita ilikuwa timu ya chuo kidogo cha ualimu kando ya ziwa, chuo ambacho siku hizi kimeshafungwa. Haukupita muda, orodha ile ikawa na nguvu kuliko sisi tulioianzisha. Ilibandikwa kwenye mbao za matangazo vyuoni, na kamati ya mashindano ilipotaka timu nne za kwenda kucheza ngazi ya kanda, haikujisumbua kuhesabu ushindi wa mtu. Ilifungua gazeti ikachukua namba moja hadi namba nne.

Uwanjani mimi nilikwenda mara moja tu katika misimu yote hiyo, na siku hiyo namba sita walikuwa wanacheza na namba moja. Uwanja ulikuwa wa saruji yenye nyufa, pete moja imeinama kidogo. Wasichana wa chuo kidogo walivaa fulana zilizofanana rangi kwa mbali tu, namba mgongoni zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nahodha wao alikuwa mfupi, mwembamba, na aliupandisha mpira kana kwamba wale warefu waliomzunguka ni nguzo za umeme. Walishinda. Hawakushinda kwa tundu la sindano. Walitangulia mapema na hawakukamatwa hadi filimbi ya mwisho. Nikarudi nyumbani nikaandika kichwa cha habari: Wakubwa wateleza. Nikaeleza kwamba jua lilikuwa kali na mabingwa walionekana wamechoka. Wadogo walipofunga niliona bahati, wakubwa walipokosa niliona uchovu, wakati jua lilikuwa lile lile kwa wote. Kesho yake mwalimu alipiga simu, akanitajia orodha ambayo haikuwa imesogea hata nafasi moja. Nikamwuliza, "Lakini mwalimu, si wamewafunga jana?" Akacheka taratibu. "Mama, mchezo mmoja haufanyi timu." Niliyaona maneno hayo ni ya hekima, na nilimaliza nayo safu ya wiki iliyofuata.

Basi tukamzika. Msibani kwake Mkuyuni niliketi mkekani na kina mama, nikasikiliza wasifu wake ukisomwa kwamba hakuwahi kumwonea mtu, nikatikisa kichwa kukubali. Baadaye ulipoletwa ugali, mwanamke mmoja alipita na beseni na jagi la maji ya kunawa. Alikuwa mwanajumuiya mwenzake marehemu. Wale wanaosali pamoja kila wiki wakizunguka nyumba kwa nyumba ndio waliokuwa wakitupikia na kututumikia. Alipofika kwangu akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe si ndiye wa ile safu ya gazeti?"

Nikamwambia ndiye mimi. Akasema yeye alikuwa nahodha wa chuo cha kule ziwani, wale namba sita. Nilifurahi, nikamwambia nawakumbuka, maana waliwahi kuwafunga wakubwa.

"Mara tatu msimu ule," akasema. "Wewe uliona moja."

Kisha akaketi kando yangu, beseni mapajani, akanieleza kwa sauti ya chini. Kwenye mashindano ya kanda walikuwa wanakuja makocha wa vyuo vikuu kuchagua wasichana wa kusomeshwa bure. Baba yake alikuwa ameshamwambia kwamba uwezo wake umeishia pale, kwa hiyo safari ile ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kufika chuo kikuu. Alibeba karatasi za matokeo ya michezo yote mitatu, zikiwa na saini za waamuzi, akaenda nazo nyumbani kwa mwalimu kumwomba asahihishe orodha kabla kamati haijachagua. Mwalimu alimkaribisha chai. Akazisoma zote. Akamwambia, "Mwanangu, mimi niliwaweka wa pili. Ni yule mama wa gazeti aliyekataa. Anasema chuo chenu hakijulikani, wasomaji watatucheka."

"Alisema hivyo?" nikauliza.

"Alisema hivyo. Na mimi nimekuchukia miaka yote hii, sikufichi. Leo nimekuona unavyolia pale kwenye jeneza, nikasema ngoja nimwulize mwenyewe. Ni kweli ulikataa?"

Sikukataa. Sikuulizwa. Hakuna Jumapili hata moja aliyonitajia chuo kile kama cha pili. Nilimwambia hivyo, na nadhani aliniamini, lakini kuaminiwa huko hakukunipa nafuu yoyote. Nilitaka kwenda makaburini kumwamsha. Mzee aliyenipigia simu kuuliza watoto wangu wameamkaje alikuwa ameshaliuza jina langu kwa binti wa watu, kisha akakaa naye kwenye jumuiya moja, akimpa mkono wa amani wiki baada ya wiki. Nimesalitiwa, na aliyenisaliti amekwenda mahali nisikoweza kumfuata kumwuliza. Alichokiogopa nakijua. Orodha ndiyo iliyokuwa imempa jina, na jina lile lingechekwa siku ambayo chuo kisichojulikana kingetokea nafasi ya pili. Kwa hiyo aliilinda orodha dhidi ya matokeo.

Tunasema chema chajiuza. Niliwahi kuamini hivyo. Sasa naona namna tunavyochagua shule ya mtoto, daktari, hata mchumba, kwa kuuliza kwanza katoka wapi, na naona kwamba chema kisicho na jina hukaa mezani hadi kikachacha. Tena wasichana ndio huumia zaidi, kwa kuwa mchezo wao hautazamwi na wengi; ile orodha ndogo gazetini ndiyo macho ya watu wote.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimedhulumiwa tu. Lakini nilipomwuliza yule nahodha kwa nini aliamini upesi vile kwamba mimi ndiye niliyekataa, hakuhitaji kufikiri. "Si ulikuja ukatuona tukishinda, ukaandika wenzetu wameteleza?" Uongo wa mwalimu ulimwingia kirahisi kwa sababu nilikuwa nimeshauandikia ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Chuo kikuu hakwenda. Anafundisha shule ya msingi hapo hapo Mkuyuni. Nilimwuliza nifanye nini sasa, nikitarajia aniambie mambo makubwa. Aliinuka, akachukua jagi lake, kwa kuwa kulikuwa na watu bado hawajanawa.

"Andika kwamba tulishinda, mama. Basi."

Walishinda. Walikuwa bora kuliko namba moja, na walistahili kwenda. Nimekuwa nikiwashauri wasomaji wangu wasiamini sifa ya mtu kabla ya kwenda kumwona kwa macho yao. Ushauri huo hautoshi. Mimi nilikwenda, nikakaa pale tangu mwanzo hadi filimbi ya mwisho, nikaona kila kitu, na bado niliiamini orodha.