Nilichomwambia Zainabu Mbele ya Mashine

Kuna asubuhi moja ya Julai haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ukungu wa Igowole, kule Mufindi, ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya kiwanda cha chai, na Mzee Mgaya, msimamizi wa zamu yetu, akaniita mbele ya wenzangu. "Tusekile, kuanzia leo utasimama kwenye mashine ya kukata majani. Nimekuona, huna uvivu." Wenzangu wakapiga makofi, maana nafasi ile ilitamaniwa. Nikatabasamu, nikasema asante baba.

Nilikuwa na kifafa, na pale kiwandani hakuna aliyejua.

Nilikuwa nacho tangu utotoni, kwetu Tukuyu. Siku naondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi Mufindi, mama alinishika mabega akaniambia, "Hili la kwako usimwambie mtu. Wakijua, hata kikombe ulichonywea watakivunja." Hakusema kwa ubaya. Sisi wawili tulimwona binti wa jirani alipoangukia mafiga yenye moto, na watu wazima wakasimama mlangoni wakiogopa kuguswa na povu lake. Waliamini ugonjwa unaambukiza kwa njia hiyo. Hauambukizi, lakini siku hiyo nani angewaambia? Binti alipona, ila mkono wake haukunyooka tena. Nikaenda na picha ile Mufindi, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Basi nikawa mtu wa kujificha. Vidonge nilimeza chooni. Chumba nilipanga peke yangu wakati wasichana wenzangu walikaa wawili wawili, na waliponiuliza sababu nikasema napenda kusali kwa sauti. Wakaniona mlokole mwenye majivuno. Hata leo nikikumbuka nacheka kidogo, ila wakati ule haikuwa ya kuchekesha. Kila aliyeniangalia kwa muda mrefu nilidhani ameshajua.

Mwenzangu kwenye mashine alikuwa Zainabu, dada wa Kiislamu kutoka Mlandege, Iringa mjini. Baba yake aliuza vitambaa huko, na yeye alikuwa na maneno mengi kama muuza duka. Tulisimama pande mbili za mkanda unaopeleka majani, tukiyasambaza yasirundikane kabla ya kufika kwenye meno ya chuma. Alinisimulia habari za kwao zote. Mimi nilimjibu, "Ehe," na "Kumbe!" Za kwangu sikumpa hata moja. Macho yangu yalikuwa kwenye yale meno. Nilikuwa nikijiuliza nikianguka nitaangukia mbele au nyuma.

Kisha vidonge vikaisha kliniki. Muuguzi akaniambia nirudi wiki ijayo, huenda vitakuwa vimefika. Mtu mwenye akili angeomba ruhusa akae nyumbani. Lakini ruhusa unaombaje bila kutaja sababu? Nikaenda kazini.

Nikwambie jinsi kinavyokuja. Kwangu kilianza na harufu ya sufuria iliyoungua, mahali ambapo hakuna sufuria. Halafu vidole vya mkono wa kushoto vinapata ganzi, na baada ya hapo sijui kitu. Siku ile Zainabu alikuwa katikati ya kisa cha harusi ya binamu yake, mashine inanguruma, mara nikaisikia ile harufu.

Nikafikiria kukimbilia chooni, ila njia ilipita kwenye ngazi za saruji. Nikafikiria kunyamaza, pengine kitapita. Nikamwona mama yangu, nikaona kikombe kinavunjwa. Mwanangu, niliyaogopa macho ya watu kuliko kile chuma. Sasa ninapokueleza naona ni wazimu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nikanyoosha mkono juu ya mkanda, nikashika khanga ya Zainabu.

"Da Zai, nina kifafa. Kinakuja. Nitoe hapa."

Akanitazama. Nikaona macho yake yakibadilika, vilevile nilivyoogopa miaka yote. Akaikwapua khanga yake mkononi mwangu, akarudi nyuma. Hilo ndilo la mwisho ninalokumbuka.

Nilizinduka nimelala kwenye magunia, mbali na mashine. Mashine ilikuwa imezimwa, na ukimya wa kiwanda ulinitisha kuliko kelele zake. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Zainabu. Wengine walikuwa wamesimama mbali.

"Usinishukuru," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimekukimbia, Tuse. Nilifika mpaka mlangoni. Ndipo nikarudi, nikazima mashine, nikakuvuta. Hata sasa naogopa, nataka nikanawe."

"Nenda kanawe," nikamwambia.

"Nitaenda. Ngoja kwanza ukae sawa."

Mchana Mzee Mgaya akaniita ofisini kwake. Nilimwamkia kwa salamu ya huko, "Kamwene, baba," hakuitika. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, lakini siku ile alisema polepole. "Unajua ningewapelekea nini wazazi wako Tukuyu? Vipande. Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, basi nikamuuliza, "Ningekwambia, baba, ungenipa kazi?"

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Sijui," akasema. "Pengine nisingekupa." Kisha akageuza uso dirishani. "Hilo ni kosa langu, si lako. Lakini kwenye mashine hutarudi."

Akanihamishia chumba cha kupanga chai iliyokauka, ambako hakuna meno wala mkanda. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Nafasi yangu akapewa mwingine. Wapo waliohama benchi nilipokaa, na mmoja wao hakurudi kukaa nami mpaka ninastaafu. Zainabu alikuja kula nami siku iliyofuata, lakini alikula upande wake wa sahani, kwa hadhari kama anayekula karibu na moto. Nilimwona, naye alijua nimemwona. Ilichukua muda mpaka mkono wake ukavuka katikati. Baadaye tukapanga chumba kimoja, na yeye ndiye aliyenikumbusha vidonge kila asubuhi, kwa kelele ambazo majirani wote walizisikia.

Sasa nimesikia umepata kazi Mbeya mjini, na kwamba hulali vizuri, unaogopa wenzako watagundua lile unalolijua wewe. Sikuulizi ni lipi. Ninachokuambia ni hiki: usilitangaze kwa kila mtu. Wapo watakaolitumia kukuumiza, na hao usiwape. Lakini usifanye kazi mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayekujua. Mtafute huyo mapema, ukiwa na nguvu na akili zako, usingoje mpaka uwe unaanguka kama mimi. Na usitegemee hofu iishe kwanza ndipo useme. Mimi haikuisha. Nilisema nikiwa nayo, na Zainabu alirudi akiwa nayo. Utakayemwambia akikimbia kwanza, usimhukumu haraka, mpe nafasi ya kurudi.

Na siku utakapokuwa mkubwa wa wengine, mtu akaja kwako na siri yake mkononi, usimwahidi usichokiweza. Mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni "sijui." Halafu mtafutie mahali salama pa kusimama.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, aizibe midomo ya wanaokutakia mabaya, na akujalie rafiki ambaye atakusikia hata sauti yako ikiwa ndogo. Amina.