Ng'ombe wa Goti

Kwenye filamu mimi huwa mlinzi. Nikibadilika sana, huwa mlevi wa mtaani, au mjomba aliyekuja kuharibu harusi. Watu wa Kitengela wakiniona sokoni hunipigia saluti, "Soja, fungua geti!" nami hucheka nao. Kazi ni kazi, na mguu wangu wa kushoto unaochechemea ndio ulionipa hiyo kazi. Waongozaji wanaupenda kuliko uso wangu.

Mguu huo niliuumiza uwanjani. Nilikuwa winga wa timu ya hapa hapa mjini, na katika mechi ya kutupandisha daraja goti lilivimba hata kabla ya mapumziko. Mwishoni tukapewa penalti. Mpigaji wetu alikuwa nahodha, rafiki yangu na mwenzangu wa rika, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja. Nilimtazama. Aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Basi nikapiga mimi, kwa goti lile lile, mpira ukapaa juu ya goli. Sikucheza tena.

Mjini walinong'ona kwamba nimehongwa. Nyumbani Isinya hakuna aliyenong'ona, kwa sababu baba alikuwa na jibu lake. Aliuza mtamba wake bora nipasuliwe goti, na kila mgeni aliyeuliza mbona kijana anachechemea alipewa kisa kizima, kuanzia kamba za viatu mpaka mtamba. "Ng'ombe wa goti," alimwita, na alimtaja kwa fahari kuliko ng'ombe waliobaki zizini.

Miaka ikapita, nahodha akawa mwongozaji wa filamu, akanitafuta. Nilifurahi kama mjinga. Kwetu mwenzako wa rika akibisha, hata kitanda unampisha. Alikuja kwangu mara nyingi, akanywa chai yangu, akaniuliza juu ya ile mechi, nami nikamweleza yote. Kamba tu sikuzitaja, maana niliona haya kumwaibisha mtu ameshika kikombe changu.

Siku ya kupiga picha nikavishwa koti la mlinzi, kama kawaida. Wenzangu wote walikuwa na skripti. Nilipoomba yangu, alinishika bega.

"Ya nini, buda? Wewe ni natural. Simama hapo kwa geti, kuna jamaa anapita. Nyoosha kidole useme, 'Huyo ndiye aliuza mechi. Nilimwona na macho yangu.'"

"Na huyo jamaa ako wapi?"

"Tutamuweka baadaye. Wewe sema tu kama mtu anamjua."

Nikasema. Nilitia uchungu, nikatema na mate chini. Watu walipiga makofi, naye akanikumbatia.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa hapa Kitengela. Nilimleta baba, akaketi mbele na shuka mpya, rungu mapajani. Tukamwona winga akipokea bahasha nyuma ya choo cha uwanja. Tukamwona nahodha, shujaa, akililia penalti apige yeye. Kisha winga akapita getini akichechemea mguu wa kushoto, na mlinzi akamnyooshea kidole. Ukumbi mzima ulicheka, maana walinijua. Mimi niliinuka kumtafuta nahodha. Amenichimbia kaburi, na jembe ameliazima kwangu mwenyewe.

Nilimkuta mlangoni akipigwa picha.

"Rika, umenifanyia nini?"

"Wacha hasira, rika. Ni acting tu."

Nje, baba aliniuliza kwa Kimaasai kama yule mlinzi aliyesema ni mimi.

"Ni mimi, baba, lakini nilidanganywa."

"Mtu akikusingizia, wazee tunakaa chini, tunamwita, analipa faini yake. Sasa nimwite nani? Aliyekushtaki ni wewe."

Na mdomo huo ndio unaonilisha. Hasira niliyonayo kwa yule mtu hainiishi, na sitaki iishe.

Jumamosi iliyopita mnunuzi wa mbuzi kutoka Ngong alifika nyumbani. Aliniona nikivuka zizi, akamuuliza baba kijana alipatwa na nini mguuni. Nikasimama. Kisa kile nakijua neno kwa neno, na sijawahi kukitamani kama siku hiyo.

"Alianguka," baba akasema, akainama kumshika mbuzi.