Zamu ya Mpano

Déogratias wa Baraka, ambaye Bwana amempumzisha, alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, tangu ujana wake, na hakuwa mtu wa makuu. Karabai za wavuvi wenzake zikiharibika alizitengeneza. Katika kwaya ya parokia aliimba sauti ya chini. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, misa ikiisha, alikimbiza gari dogo. Hilo la mwisho ndilo lililowachekesha watu, maana alikuwa mtu mzima, mume wa Pulchérie na baba wa Chérie, na gari lenyewe halikuzidi urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole.

Magari hayo yalikuja ndani ya sanduku alilotumiwa Frère Casimir, mtawa aliyefundisha fizikia, na ndugu zake wa ng'ambo. Yalikuwa sita, na kila moja lilikuwa na telekomande yake, kijisanduku chenye vijiti viwili na anteni ndefu ya kuvuta. Hapakuwa na waya. Wewe unagusa kijiti hapa, na gari linatii kule. Siku yalipojaribiwa mara ya kwanza, mama mmoja wa sokoni alifanya ishara ya msalaba. Baadaye watu walizoea, klabu ikaundwa, na mashindano yakawa nyuma ya kanisa, kwenye uwanja ambao siku nyingine akina mama walianikia ndagala. Njia ilizungushiwa matairi ya baiskeli yaliyokwisha.

Klabu ilikuwa na shida moja. Kila telekomande hutumia wimbi lake, kama kila redio ilivyo na lake, ndiyo maana magari yanaweza kukimbia pamoja bila kugombana. Lakini aliyefunga sanduku lile alikosea, akatia telekomande mbili zenye wimbi moja. Zikiwashwa kwa pamoja, gari lilisikia amri mbili na kuchanganyikiwa. Lilitetemeka, likaenda kombo, lisijue limtii nani. Frère Casimir alicheka, akasema Injili ilikwisha kuliona hilo, kwamba hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Akachukua kibanio cha nguo cha mbao, akakipaka rangi ya njano iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi wa parokia, akatoa sheria. Mwenye kibanio kifuani ndiye mwenye wimbi. Asiye nacho havuti anteni, hata kwa mzaha. Na aliyemaliza kukimbiza, palepale uwanjani, anakibana kwenye nguo ya mwenzake, kumpa zamu.

Waliofungwa na kibanio hicho kimoja walikuwa Déogratias na Mpano.

Mpano alikuwa mtu wa Bibokoboko, kule milimani, mtoto wa wafugaji. Alikuwa akishusha ng'ombe wa kuuza Baraka, mwishowe akapanga chumba mjini, akawa haendi tena kwao ila kwa kazi. Alikuwa mrefu, mpole, Mprotestanti wa kweli asiyegusa hata pombe ya ndizi. Gari lake alilipa jina la ng'ombe mwekundu wa baba yake, Gaju, na likikimbia alilipigia miluzi kama yuko malishoni. Déogratias naye aliliita lake Kuhe, kwa jina la samaki mkubwa wa ziwa.

"Mpano, ile haiko ngombe," Déogratias alimwambia mbele ya watu wote. "Haisikiake miluzi."

"Na yako inanuka ndagala," Mpano akajibu bila kugeuza macho. "Njo maana mapaka yote ya Baraka inaifuata."

Jumatatu moja ya Pasaka, mashindano yaliposogezwa siku moja kwa ajili ya sikukuu, ilikuwa zamu ya Déogratias. Kuhe lilikuwa mbele, limebakiza mzunguko mmoja tu, Mpano alipotaka kufuta vumbi kwenye anteni yake. Akaivuta, na kidole kikagusa swichi. Kuhe likatetemeka, likakata kushoto, likaruka tairi na kuingia moja kwa moja ndani ya beseni la Mama Émilienne, aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta pembeni. Mama Émilienne aliliinua kwa magurudumu yake, unga umelijaa, akatangaza kwamba leo atakaanga hata gari. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Déogratias hakucheka. Alinyamaza kwa hasira juma zima, hadi Mpano alipomletea maziwa ya mgando katika kibuyu na kusimama mlangoni kama mkwe mpya. Pulchérie ndiye aliyemwambia aingie.

Tangu hapo walikuwa ndugu. Na Déogratias alipenda kusema kwamba siku ile aliujua mkono wa Mpano. Mkono ule ulianza kwa kutetemeka kidogo, kama mtu mwenye haya, kisha ukakata kushoto kwa nguvu. Hata akiwa amefumba macho, alisema, angeutambua, kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake nyuma ya ukuta.

Katika jambo moja tu waliachiana, kila mtu na dini yake. Mwezi wa Novemba, Wakatoliki walipopeleka majina ya marehemu wao kanisani yasomwe, Mpano alitikisa kichwa kwa upole, akasema kwao mtu akishakufa amekwisha kufika mikononi mwa Mungu, maombi ya watu hayamwongezei kitu. "Kama unataka kuniombea, yaya," alimwambia Déogratias, akimwita kaka kwa lugha ya mjini, "uniombee nikingali hapa."

Mwaka wa tisini na sita, mvua za kwanza zilipoanza, mji ulibadilika sura. Maneno juu ya watu wa milimani, kwamba ni adui, yalianza redioni, yakashuka sokoni, yakaingia hata kwenye mitumbwi. Watu waliokuwa wakinunua ng'ombe kwa Mpano walivuka barabara wakimwona. Jumapili ya mashindano ilikuwa karibu, na zamu ilikuwa yake. Kibanio cha njano kilikuwa kwenye shati lake, kama ilivyokuwa desturi, kwani aliyepewa zamu alikitunza mpaka akimbize.

Asubuhi moja Déogratias alirudi kutoka ziwani, akakuta chumba cha Mpano kiko wazi na kitupu. Alikimbia hadi mwisho wa mji, pale njia ya milimani inapoanza kupanda. Alimwona kwa mbali, katikati ya watu wa kwao wachache, wanawake wamebeba watoto na masufuria. Vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama kati yao na mji, wakitazama ni nani atakayewafuata. Déogratias alikuwa na nyavu begani, mikono mitupu. Hakuweza kupita, na hakuweza kuita. Mpano aligeuka mara moja. Hakupunga mkono, maana kupunga kungemfichua rafiki yake kwa wale vijana. Aligusa tu kifua chake, mahali penye kibanio, akaendelea kupanda.

Juma hilohilo Frère Casimir aliitwa na wakubwa wake, akavuka ziwa, na klabu ikafa. Vita ilipofika Baraka yenyewe, Déogratias alimchukua mke na mtoto wakaenda Lubondja kulima muhogo kwa wajomba. Katika kitu kidogo walichobeba, Kuhe lilikuwamo, limefungwa kwenye blanketi la Chérie. Pulchérie alimsihi alitupe. Si gari aliloogopa, bali telekomande, kwa sababu siku hizo kila mwenye bunduki aliyeona anteni aliona simu ya adui. Déogratias aliing'oa anteni, akaificha ndani ya mkeka uliokunjwa.

Na kweli, siku walipokuwa wakienda Mboko kutafuta chumvi, walisimamishwa kwenye kizuizi. Mpiganaji mmoja akalitoa Kuhe kwenye blanketi, akaligeuzageuza.

"Hii inatembea?"

"Inatembea, mukubwa. Lakini leo haiwezi."

"Sababu gani?"

"Kibanio iko na mwenzangu. Bila kibanio siruhusiwi."

"Kibanio ya nini?"

"Ya nguo, mukubwa."

Yule mpiganaji akamwita mwenzake aje amwone mtu ambaye vita imemla akili, wakacheka, wakachukua betri kwa ajili ya tochi yao na kuwaacha wapite. Walipofika mbali Pulchérie alimwuliza mumewe kama hata pale, mbele ya bunduki, alikuwa anasema ukweli. Déogratias alijibu kwamba hakuwa na kitu kingine cha kusema.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa hali yake miaka yote ile. Hakuwahi kuliwasha gari lile. Hata walipotulia kidogo, hata betri zilipopatikana na Chérie alipolia akitaka kuliona likikimbia, alisema zamu ni ya Mpano. Watu walimweleza kwamba telekomande ya pili, kama bado ipo, iko milimani, na wimbi lile halifiki hata mwisho wa uwanja. Aliyajua hayo kuliko wao. Alijua pia kwamba siku atakapoliwasha bila kibanio atakuwa amesema kwa mdomo wake kwamba Mpano harudi.

Kila jioni walisali rozari, na mwishoni Déogratias alimtaja Mpano. Vita ya kwanza iliisha, ya pili ikaanza, Chérie akawa msichana mkubwa, na Déogratias akimtaja tu. Walikuwa wamekwisha kurudi Baraka, kwenye nyumba isiyo na mabati, Pulchérie alipomwuliza jambo ambalo alikuwa amelibeba kwa muda mrefu.

"Baba Chérie, we unamuombeaka kama muzima ao kama mufu?"

Déogratias alikaa na rozari mkononi. "Yeye alikataa nimuombee akisha kufa," alisema. "Basi ni kama muzima."

"Na kama alikwisha kufa?"

"Basi sina kitu naweza kumufanyia tena, Mama Chérie. Hata sala."

Pulchérie aliichukua rozari, akaitundika ukutani.

Amani ilipotangazwa, parokia ilifanya sikukuu ya kushukuru. Jérémie, mwanachama wa zamani wa klabu ambaye sasa alikuwa mwalimu, aliamua kufufua mashindano. Magari matatu tu ndiyo yaliyosalia mjini. Alikwenda kwa Déogratias kumwomba, akapata jibu lilelile. Jérémie, ambaye alimpenda, alijaribu kumfanyia mzaha.

"Yaya Déo, kibanio iko inauzwa soko muzima. Nikuletee kumi na mbili?"

"Leta, Mama Chérie aanikie nguo," Déogratias akasema. "Mimi nitakuja kutazama."

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Mama Émilienne, aliyezeeka, aliweka beseni lake mbali kabisa na njia, akiwaambia watu kwamba mtu haumwi na nyoka mara mbili. Wanawake wa milimani walikuwa wameanza kushuka tena na maziwa, wakitembea kwa kundi, wakizungumza kidogo. Mmoja wao aliacha kundi lake, akawa anauliza watu polepole, mpaka akaonyeshwa Déogratias. Alikuwa mrefu, na Déogratias alimtambua kwa urefu huo kabla hajasema jina. Alikuwa Uwamwiza, dada yake Mpano.

Walisalimiana kwa kushikana mikono miwili. Kisha Uwamwiza alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa kibanio. Rangi ya njano ilikuwa imebaki kwenye mifereji ya mbao tu.

Alieleza akitazama chini. Mpano alifika nyumbani salama ile mara ya kwanza, akachunga ng'ombe wa baba yake. Vita ya pili ilipoanza, aliondoka asubuhi moja na vijana wengine, na tangu hapo hawakumwona, wala hawakupata mtu aliyemwona. Kibanio alikiacha kimebanwa kwenye kamba ya dirisha. Telekomande aliibeba ndani ya mfuko wake, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Mama amesema tumalize kilio," alisema Uwamwiza. "Ng'ombe wake tumegawa. Hii haikuwa ya kwetu, kaka. Ilikuwa yenu."

Akakibana mwenyewe kwenye shati la Déogratias.

Jérémie aliona, akasema Kuhe lifuatwe nyumbani. Pulchérie alilileta mwenyewe pamoja na telekomande, anteni ikiwa bado imepinda kidogo kwa umbo la mkeka. Wakairudishia anteni mahali pake, wakatia betri mpya. Kuhe likawashwa, na baada ya miaka yote ile, lilisogea. Watu walipiga vigelegele.

Mashindano yalianza, na Kuhe likaenda vizuri kuliko alivyotegemea. Mkono wa Déogratias ulikuwa haujasahau. Mzunguko wa kwanza lilikuwa la pili, mzunguko wa tatu likaongoza. Lakini Pulchérie, aliyekuwa karibu, aliona kwamba mume wake halitazami gari. Alikuwa akitazama kingo za uwanja, nyuma ya vichwa vya watu, pale njia ya milimani inapoonekana. Mzunguko wa mwisho, karibu na pale ambapo zamani lilikuwa beseni la mikate, Déogratias aliinua vidole vyake kutoka kwenye vijiti. Anteni ilibaki imevutwa. Kuhe lilipunguza mwendo, likasimama katikati ya njia.

Magari mengine yalilipita. Watu walipiga kelele, wengine wakamwita jina. Yeye alisimama, telekomande mbele yake, vidole juu, kama mtu aliyempisha mwingine mlangoni, akingoja mkono anaoujua. Gari halikutetemeka. Halikukata kushoto. Lilikaa kwenye mchanga ule wa ndagala, kimya, likimngoja yeye peke yake.

Jérémie alikuja akauliza kama betri zimekwisha.

"Hapana," alisema Déogratias. "Ziko muzuri."

Akazima, akairudisha anteni ndani. Halafu akatembea mpaka alipokuwa Uwamwiza, akakitoa kibanio kwenye shati lake na kukibana kwenye kitenge cha yule dada, begani.

"Mimi nimekimbiza," alimwambia. "Sasa ni zamu yake. Umupelekee."

Uwamwiza alifungua mdomo kama mtu wa kukataa. Mama yake alikuwa amemwagiza amalize kilio, na sasa alikuwa akirudishwa kwenye kungoja. Alimtazama Déogratias, akamtazama Pulchérie, ambaye alikuwa anafuta macho kwa kanga. Mwishowe alikibandua kibanio begani, akakifunga tena ndani ya fundo la kitenge, mahali pale pale kilipotoka, akawafuata wenzake waliokuwa wamekwisha kuanza kupanda.