Tembo wa Kuzungushiwa Kalamu

Mpaka leo nikifungua boksi la kamera mpya, kabla sijaigusa, kwanza nainusa. Ni harufu ya sponji, plastiki na ngozi ya bandia, na kwangu mimi haijakamilika bila moshi wa udi, kwa sababu duka nilikoinusa mara ya kwanza lilikuwa la Bwana Jayanti, Mhindi mmoja mpole aliyewasha vijiti vya udi kila asubuhi kabla ya kupokea mteja. Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, ukingoni mwa Kariakoo, na dirisha lake lilitazama viwanja vya Mnazi Mmoja. Chini watu walipigana vikumbo na mikokoteni. Huku juu palikuwa na feni, vioo vilivyofutwa vikang'aa, na utulivu ulionifanya niongee kwa kunong'ona. Nilikuwa darasa la sita, na siku ile hatukwenda shule kwa sababu darasa la saba walikuwa na mtihani. Mwisho wa muhula shule ingetupeleka Mikumi, na mama alikuwa ameniahidi kamera tangu mwaka uliotangulia.

Mama aliuza vitenge, na kwake kila bidhaa ilikuwa feki mpaka ijitetee. Alizipima kamera mkononi kama anavyopima jora la kitambaa, akazinusa, akakwaruza nembo kwa ukucha. Bwana Jayanti alimwacha amalize, kisha akaniuliza mimi, "Binti, unataka kupiga nini? Harusi?"

"Wanyama," nikasema. "Na ndege. Na safari."

"Basi sikiliza. Bibi harusi anakusogelea mwenyewe. Mnyama hakusogelei, kamera ndiyo imsogeze." Akaweka mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa nyeusi, kubwa, yenye mdomo mrefu uliojisukuma nje ukibonyeza kitufe. Nyingine ya rangi ya fedha, ndogo, ya kuingia mfukoni. Zote zilitumia betri za kawaida, akasema, kwa hiyo hata porini nisingekwama. Moyo wangu ulishaangukia ile kubwa. "Nenda dirishani ukaijaribu. Mali ikitoka hapa hairudi."

Nilitafuta ndege kule Mnazi Mmoja. Niliwapata kunguru, wengi, wakigombea kitu chini. Nikawavuta. Walikuja karibu mpaka nikaona midomo yao, na nilicheka kwa furaha. Kisha nikaona mkono uliokuwa ukiwarushia karanga, na juu ya mkono huo shati la bluu la mistari nililomwona mama akilipiga pasi alfajiri ileile. Alikuwa baba. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, baba yangu aliyetuaga kwamba anakwenda ofisini kwao, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi na mkoba wake magotini, kama mtu asiye na pa kwenda. Kidole kilibonyeza chenyewe na picha ikapigwa.

"Unaona nini?" mama akauliza nyuma yangu.

"Kunguru."

"Kunguru tunao hata juu ya paa. Lete nami nione."

Alikuwa amenyoosha mkono. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo ya mwalimu. Sikujua baba amefanya nini. Nilijua tu kwamba mama akiiona picha ile, kuna kitu nyumbani kwetu kitavunjika na mimi ndiye niliyekivunja. Nikampita, nikampa Bwana Jayanti kamera. "Ni nzito," nikasema. "Nataka ile ndogo."

Aliitazama picha, akatazama dirishani, akanitazama mimi. Sijui alielewa nini. Akabonyeza vitufe viwili, picha ikafutika, akamwambia mama, "Haikutoka vizuri. Mkono ulitikisika." Mama, ambaye hununui naye hata nyanya bila mjadala, alilipia ile ndogo bila neno, kwa pesa ya zamu yake ya mchezo wa kuchangiana wa akina mama wa mtaani. Nililia njia nzima, akadhani ni furaha, au ndivyo nilivyoamini.

Mikumi tembo walikuwa mbali. Kwenye picha zangu wakatoka kama sisimizi, na wenzangu wakanicheka wiki nzima. Baba aliigeuza picha juu chini. "Sasa tembo mwenyewe yuko wapi?" Mama akachukua kalamu, akawazungushia mmoja mmoja, watatu, na baba akacheka mpaka akajifuta machozi. Muda mrefu alikuwa hajacheka hivyo. Miezi miwili baadaye, tukiwa tunakula, akatuambia kwamba alikuwa amepunguzwa kazini na sasa amepata pengine. "Ala, kumbe?" mama akasema, akamwongezea mchuzi. "Pole, Baba Rehema."

Siku hizi napiga picha za wanyama kwa kazi, na lenzi yangu inaweza kuhesabu kope za twiga. Nikipita Mnazi Mmoja bado nawaona wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi na mikoba magotini. Kamera naishusha. Mwaka huu nilimsimulia mama habari ya dirisha lile, kwa mara ya kwanza, tukichambua mchele.

"Nilijua zamani," akasema bila kuinua macho. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua suruali zake. Ofisini kuna viti. Zile zilikuwa na vumbi la ukutani."

"Sasa kamera ulinunua ya nini, na hali ilikuwa ile?"

"Niliahidi mbele yake. Ningekataa, baba yako angejua kwamba ninajua." Akapepeta kidogo. "Ila ungechukua tu ile kubwa, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa."

Picha ile ingali sebuleni kwao, wino wa kalamu umefifia. Mgeni akija, baba humwinua kitini na kumwonyesha tembo wa Mikumi. Mimi na mama hatutazamani. Tunaitikia tu kwamba tunawaona.